Madaftari Kumi na Moja ya Jua

Tangu nirudi, watu wanaoleta mizani dukani kwangu Kilibula, hapa Uvira, wananiuliza kwanza habari za jua, kisha ndipo wanaweka mizani mezani. Kila mmoja nimemjibu kipande. Mmoja amesikia habari ya askari, mwingine habari ya mchele wa Sange, na yuko aliyeondoka akiamini kwamba nilifukuzwa Bukavu. Nimeona afadhali niandike mara moja, kituo kwa kituo, na nakala ibaki dukani.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni fundi wa mizani. Shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari. Yaliyobaki nimeyapata katika vitabu vya Kifaransa vilivyokwisha kutumiwa na wengine. Kila siku saa sita mchana, kama hakuna wingu, ninachora jua. Silitazami kwa macho, na wewe usijaribu. Ninaliacha lipite katika darubini ya macho mawili, jicho moja nimeliziba, mwanga uangukie karatasi iliyo juu ya meza fupi uani nyumbani kwangu, mtaa wa Songo. Kwenye karatasi linatokea jua la ukubwa wa kisahani cha chai, na ndani yake madoa meusi. Madoa hayo hutembea. Yanatokea ukingo mmoja wa jua na kuvuka kwa siku kama kumi na tatu hadi ukingo wa pili, kwa sababu jua lenyewe linajizungusha. Tena huongezeka na kupungua, na mzunguko huo huchukua karibu miaka kumi na moja. Nilitaka kuuona mzunguko mzima kabla ya kumsumbua mtu yeyote. Kila mwaka daftari moja, kwa hiyo madaftari kumi na moja.

Ndani ya madaftari hayo kulikuwa na jambo lililoninyima raha. Kuanzia mwezi wa kumi hadi karibu katikati ya mwezi wa tatu, madoa yalivuka kutoka kushoto kwenda kulia, kama kitabu kinavyosema. Miezi iliyobaki yalivuka kutoka kulia kwenda kushoto. Kila mwaka ilikuwa hivyo, bila kukosa. Niliandika kurasa nne juu ya jambo hilo na kuzipa kichwa: "Kuhusu jua kubadili mwendo wake mara mbili kwa mwaka." Sikuliita ugunduzi, nililiita swali. Lakini ninyi wenzangu wa Kilibula mnajua kwamba nililiuliza kwa sauti ya mtu ambaye tayari ana jibu.

Mtafiti mmoja wa jua aliyekuwa Bukavu, Madame Nsimire, alikubali kuyaona madaftari siku ya Alhamisi. Ijumaa alikuwa anasafiri kwenda nje kwa mwaka mzima, akibeba picha za michoro ya watu kama mimi, watu wasio na kituo wala cheo, ili iwekwe pamoja na michoro ya nchi nyingine. Yangu yakifaa, yangeingia. Yasipofaa, miaka kumi na moja ya saa sita mchana ingebaki karatasi. Nilivyompata mtafiti huyo ni habari ya simu na barua, naiacha.

Songo hadi Sange

Niliondoka Jumanne asubuhi. Mke wangu, Feza, ambaye watu wa Songo wanamwita Mama Elia, alikuwa ameyafunga madaftari kwa plastiki na kamba.

"Na ile ya tatu, unabeba?" aliniuliza.

Daftari la tatu lina siku arobaini na moja ambazo nilikuwa nimelala na tifoidi. Siku hizo alichora yeye, bila kufundishwa, kati ya kazi zake za jikoni. Nilipopona nilizipitia kurasa zake, na mahali pa jina la mwangalizi niliandika "hayupo". Mwangalizi kwangu alikuwa mtu aliyesoma kanuni.

"Nabeba yote," nilimjibu. "Namba haiwezi kuruka."

"Basi shika muzuri. Ile ya tatu ndiyo ilipata mafuta ya ndagala."

Katika basi dogo nilikaa karibu na mfanyabiashara wa samaki aitwaye Mama Odette, aliyekuwa anapeleka ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, Bukavu. Kapu lake lilikuwa katikati ya miguu yetu, na kabla ya kufika Kavimvira suruali yangu ilikuwa inanuka ziwa lote. Aliuliza ninabeba nini. Nilimwambia ninabeba michoro ya jua.

"Na jua mwenyewe anajua?" alisema, na tangu hapo tukawa tunazungumza.

Karibu na Kiliba askari wa kizuizi walitushusha. Mmoja wao aliigonga kwa kidole bomba la plastiki ambalo ndani yake niliweka darubini na karatasi kubwa.

"Muzee, mu hii tuyo muko nini?"

"Muko darubini, shefu. Naangaliaka nayo jua."

"Jua inaangaliwa na tuyo?"

Maneno hayakutosha. Nilimwomba ruhusa, nikaifungua darubini, dereva akaishikilia juu ya kiti na mimi nikaweka karatasi chini. Jua likatokea, likichezacheza juu ya karatasi. Madoa mwaka huu ni mengi. Siku hiyo yalikuwa mafungu manne. Askari waliinama wote watatu. Yule wa kwanza alifuta karatasi kwa kidole, akidhani ni uchafu. Doa halikutoka.

"Hii ndogo hapa, iko kubwa kama nini?"

"Inaweza kumeza dunia yote, shefu, na nafasi ikabaki."

Alinitazama, akatazama barabara, kisha jua lenyewe kwa jicho moja, nami nikamkataza. "Na Uvira iko wapi mu hiyo?" aliuliza. Nilimwambia Uvira haionekani. Alirudisha bomba na kusema tupite, lakini nilipokuwa ninapanda aliniita tena. "Muzee. Ikikua, utatuambia?" Nilimwahidi, na kwa kweli sijui nitamwambiaje.

Sange, siku ya kwanza

Tulifika Sange kabla ya saa sita, tukakuta magari yamepangana. Mbele yetu mto ulikuwa umekula ukingo wa barabara usiku uliopita. Walisema labda kesho. Nilipiga hesabu: Jumatano barabara, Alhamisi Bukavu. Ilikuwa bado inawezekana. Jua la saa sita nililichora hapo hapo barabarani, pembeni ya magurudumu.

Mama Odette alikuwa na mahali pa kulala, kwa mkulima wa mchele aliyekuwa rafiki wa marehemu mume wake. Mkulima huyo anaitwa Papa Leonidas, mtu mrefu, Mkatoliki, nyumbani wanazungumza Kirundi. Mama Odette alimwambia kwamba mimi ninasoma jua, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Papa Leonidas alikuwa na mchele uliovunwa, umeanikwa uani, na mvua zilikuwa hazijaisha.

"Muzee," alisema akiweka mkeka, "jua inasema nini juu ya mvua?"

"Haisemi kitu. Madoa haituambii mvua ya kesho."

"Ya kesho kutwa?"

"Hata hiyo."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayemsikiliza mwenzake akikataa kwa adabu. Chakula kilipokuja, wali, maharage na mboga ya lengalenga, aliniongezea mara tatu. Mara ya nne nilielewa kwamba anadhani ninaficha, na kwamba wali utanilegeza. Nilikula mpaka nikashindwa, na bado sikuwa na la kumwambia.

Alasiri nilimsindikiza sokoni, ambako alikuwa na gunia la kuuza. Mnunuzi, mama mmoja mwenye sauti ya kwaya, alikuwa na mizani kubwa ya kusimama chini. Gunia lilipimwa.

"Papa Leonidas, gunia yako inapungua."

"Haipungui. Kwa jirani yangu ilikuwa kilo mia moja kamili."

"Basi imekonda njiani."

Watu walicheka. Hii ilikuwa kazi yangu, kwa hiyo niliomba nafasi. Katika mkoba wangu natembea na mawe ya kupimia, la kilo tano na la kilo kumi, hata nikienda kanisani. Niliyapima, mizani ya mama ikasema pungufu. Basi nikafanya kile ninachofanya kwanza kila mara, kabla ya kufungua skrubu hata moja: niliigeuza mizani yenyewe, kichwa chake kikaelekea ulikokuwa mgongo, nikapima upya mawe yale yale. Sasa ilisema zaidi.

Mizani mbovu hukosea upande ule ule hata ukiigeuza. Ikikosea upande wa pili, kosa liko chini yake. Sakafu ya kibanda ilikuwa imeinama kuelekea mtaro. Tukaweka kipande cha ubao, nikahakikisha kwa mawe, na gunia likatoa mia moja kamili.

Papa Leonidas alilipapasa gunia. "Miaka tatu," alisema, "minye namwita huyu mama mwizi."

"Na minye naitikaka," mama akajibu.

Sange, saa sita ya siku ya pili

Jumatano asubuhi barabara ilikuwa bado. Saa sita ilipokaribia niliazima meza fupi na kigoda, nikapanga darubini uani. Upande ninaokaa kwa kawaida ulikuwa umefunikwa na mkeka wa mchele, basi nikaweka kigoda upande wa pili wa meza. Nilipoinama kuchora, kichwa changu kilikata mwanga na kivuli kikaangukia karatasi. Nilimwomba Papa Leonidas tusogeze mkeka kidogo, nikabeba kigoda, nikazunguka meza, nikageuza karatasi inielekee, nikakaa.

Nilikuwa nimeshika penseli tayari. Sikuchora.

Naomba niwaeleze polepole, kwa maana hapa ndipo penye safari yote. Kwetu jua la saa sita halikai upande mmoja mwaka mzima. Miezi mingine liko kidogo upande wa kaskazini, miezi mingine kidogo upande wa kusini, na katikati linapita juu ya kichwa kabisa. Kila lilipobadili upande, kivuli changu kilianza kuangukia karatasi, nami nilihamisha kigoda upande wa pili wa meza na kugeuza daftari linielekee. Nimefanya hivyo mara mbili kwa mwaka kwa miaka kumi na moja. Nimeandika saa, mawingu, joto, upepo wa ziwa, hata moshi wa majirani. Kuhamisha kigoda sikuwahi kuandika. Nani anaandika mahali alipoweka kigoda? Na kila siku, kigoda kikiwa upande wowote, niliweka herufi ya mashariki upande wa kushoto wa ukurasa, kwa sababu kitabu kilisema kushoto.

Jua halikubadili mwendo. Mimi ndiye niliyekuwa ninageuka. Jana yake niliigeuza mizani ya mtu mbele ya soko zima, nikaonyesha kosa liko wapi, na usiku nikalala vizuri.

Nilichora madoa ya siku hiyo kwa sababu saa ilikuwa imefika. Kisha nikabaki nimeshika kichwa, na Papa Leonidas aliyekuwa ananitazama tangu mwanzo akaita watoto wa nyumbani wakusanye mchele wote, upesi. Nilimwambia hapana, si mvua, ni jambo langu mwenyewe. Hakusikiliza. Saa nane ikanyesha mvua kubwa. Majirani walikuwa wanakimbia na mikeka, na yeye amesimama mlangoni, mchele wake mkavu ndani.

"Alikuwa anajua," aliwaambia. "Shida yake ni aibu tu."

Mpaka leo Sange kuna watu wanaoamini hivyo, na mkipita huko naomba mniombee radhi.

Sange hadi Kamanyola

Mvua hiyo iliongeza saa mbili. Alasiri walipitisha magari madogo moja moja kwenye mawe. Luberizi, Luvungi, mashamba ya muhogo pande zote. Kwa kawaida napenda kutazama, lakini siku hiyo nilikuwa natazama magoti yangu.

"Muzee," alisema Mama Odette, "tangu Sange umenyamaza kama muntu amepoteza papiye za safari."

Nilimweleza. Ilichukua toka Luvungi mpaka nyumba za kwanza za Kamanyola, kwa sababu alikuwa anauliza. Alichukua ndagala moja na kuigeuza kichwa na mkia juu ya kiganja, mara mbili, mpaka akaridhika.

"Kwa hiyo weye uliandika jua ya juu chini."

"Nusu ya mwaka, ndiyo. Zaidi ya nusu."

"Na unaweza kugeuza daftari tu, irudi sawa?"

"Naweza, kama najua siku gani nilihama. Sikuandika. Nitasema nakumbuka, na huyo mama atafanya nini na kukumbuka kwangu?"

"Sasa unarudi Uvira?"

Kurudi kulikuwa rahisi, gari zilikuwepo. Lakini mtu akiniletea mizani mbovu huwa namheshimu. Ninayemhurumia ni yule anayeificha nyuma ya pazia na kuendelea kupimia.

"Naenda," nilisema. "Lakini nitaanza na kosa."

"Basi kula." Alinipa mkate na ndagala tatu. "Bukavu watakupa sambaza ya ziwa yao. Sambaza ni ndagala iliyokosa kulelewa."

Kamanyola tulilala katika nyumba ya wageni yenye vitanda vizuri na maji ya kutosha. Zile kurasa nne kuhusu jua kubadili mwendo nilizitoa katika bahasha, nikazikunja na kuziweka mfukoni, mbali na madaftari.

Kupanda Ngomo

Alhamisi alfajiri tulianza mlima. Wanaoujua wanajua, wasioujua wafikirie barabara nyembamba, ukuta wa udongo upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Kwenye kona moja lori la viazi lilikuwa limezama magurudumu ya nyuma. Tulishuka. Wanaume walichimba, wanawake walitoa maoni. Dereva wa lori alikuwa anasukuma huku akiomba msamaha kwa kila gari lililokuja nyuma yetu, moja moja, kama mtu anayepokea wageni msibani.

Saa nne, bado. Saa tano, bado. Miadi yangu ilikuwa saa sita. Simu haikuwa na mtandao pale konani. Saa sita ilinikuta bado mlimani. Nikapanga darubini juu ya gunia la viazi na kuchora. Safari hii, kabla ya kugusa madoa, niliandika mahali nilipokaa: "kusini ya karatasi, uso kaskazini." Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, na iliandikwa juu ya viazi.

Lori lilitoka saa saba kasorobo. Tulipita Nyangezi bila kusimama.

Bukavu

Nilifika kwenye mlango wa Madame Nsimire saa tisa na dakika ishirini, viatu vyangu vikiwa na udongo wa Ngomo mpaka vifundoni. Nilimtarajia mtu mzima kuliko mimi. Ni mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye miwani. Alikuwa amepiga magoti kati ya masanduku, anaandika majina kwa kalamu nene.

"Papa, nilidhani huji tena."

"Lori, Madame. Na kabla ya yote, niko na kosa la kueleza."

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Kigoda, kivuli, herufi ya mashariki. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliinuka, akaleta viti viwili, akasema, "Kitabu chako hakikukosea. Kiliandikiwa watu wa kaskazini. Kwao jua la saa sita haliwapiti kichwani kwenda upande wa pili. Kigoda chao hakihami."

Alifungua daftari la kwanza, la pili, akaenda la saba. Mistari aliisifu, hesabu ya madoa aliisifu. Nami nilikuwa nasubiri neno "lakini", na likaja.

"Lakini, Papa, utanielewa. Mimi naweza kugeuza kurasa zako kwa kulinganisha na michoro ya wengine. Nikifanya hivyo hautakuwa tena ushahidi wako. Utakuwa nakala ya ushahidi wao. Na nikigeuza kwa sababu umesema unakumbuka, nitaulizwa imeandikwa wapi. Hakuna mahali umeandika?"

"Hakuna."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, Madame."

Aliondoa miwani, akaisafisha kwa pindo la kitenge. Masanduku yalikuwa yanasubiri. Nilianza kuyapanga madaftari kwa namba, la kwanza chini, na nilipofika la tatu aliweka mkono juu yake. Nadhani lilikuwa doa la mafuta lililomvutia. Alilifungua pale pale penye mafuta.

"Hii mishale ni ya nini?"

Kwenye kurasa za mke wangu, pembeni ya jua, kila siku kuna mshale mdogo. Nilikuwa nimeiona zamani. Niliihesabu kama mapambo, na nikaona haya kidogo kwa niaba yake.

"Siku hizo nilikuwa mgonjwa," nilisema. "Alichora mama wa nyumbani. Jua linahama kwenye karatasi, nadhani alikuwa anaonyesha linakimbilia wapi."

Madame Nsimire aliinamia daftari. Alikuwa anafunua ukurasa, na mwingine, kidole kikifuata mishale. Mwisho wa mwezi wa tisa, mshale unaelekea kushoto. Kushoto. Kushoto. Mwezi wa kumi unaanza, bado kushoto, siku chache. Kisha ukurasa mmoja, kulia. Kulia. Kulia, mpaka mwisho.

"Papa, dunia inajizungusha kwenda upande mmoja tu. Jua likikimbia kwenye karatasi, linakimbilia magharibi kila siku, mwaka wote. Huyu mama ameandika magharibi iko wapi. Siku arobaini na moja." Alirudi kwenye ukurasa ambapo mshale uligeuka. "Na hapa alihamisha kigoda. Siku chache baada ya jua kupita juu ya Uvira, kivuli kilipoanza kumsumbua. Imeandikwa. Tazama, na madoa yanageuka siku hiyo hiyo."

Nilitazama. Tulichukua madaftari mengine kumi, tukatafuta kila mwaka siku ambayo madoa yaligeuka. Mwezi wa kumi, siku chache baada ya jua kupita. Mwezi wa tatu, siku chache baada ya jua kupita. Kila mara kama kwenye mishale. Kazi hiyo ilituchukua mpaka saa kumi na mbili, na mwisho wake aliligeuza daftari la saba juu chini, ukurasa wa mwezi wa sita, na madoa yakavuka kutoka kushoto kwenda kulia kama katika vitabu vyote.

Alipiga picha ya kila ukurasa kwa mashine yake. Kwa kila mchoro alitakiwa kuandika jina la mwangalizi, na alikuwa anasoma kwa sauti jina langu, jina langu, jina langu. Akasimama.

"Papa. Huyu 'hayupo' ni nani? Anachora vizuri."

Nilimwambia. Akaandika: Feza, Uvira. Mara arobaini na moja. Alisema kurasa hizo zitatangulia, kwa sababu ndizo zinazozibeba nyingine.

Picha zilipokwisha, usiku sana, nilikula sambaza. Sitatoa maoni, nilimwahidi Mama Odette.

Kurudi

Kurudi kulichukua siku moja. Sange nilipita na dirisha limefungwa.

Feza alinikuta uani, nimeweka madaftari juu ya meza fupi. Alikuwa anapika sombe ya majani ya muhogo. Nilimweleza yote, kwa mpangilio huu huu, kuanzia kizuizi cha Kiliba. Nilipofika kwenye mishale alitikisa kichwa.

"Ile? Jua ilikuwa inakimbia, minye niko na chungu mu moto. Nikirudi, haiko. Nikasema niandike inaendaka wapi, kesho nisitafute."

"Ulipohama kigoda, ulijua?"

"Kivuli si kilikuwa juu ya karatasi? Weye ungefanya nini?"

Nilifanya hivyo hivyo miaka kumi na moja. Alikuwa anajua.

Katika kazi yangu maandishi yenye kosa hayafutwi. Unapitisha mstari mmoja juu yake, ili anayekuja baadaye aone palikuwa na nini, unaandika sahihi, kisha unatia saini. Nilifungua daftari la tatu mahali penye mafuta. Juu ya "hayupo" nikapitisha mstari, nikaandika Feza, nikatia saini. Nikafunua ukurasa wa pili.

Alikuja kusimama nyuma yangu, mwiko mkononi. Nilidhani atatazama mbili tatu na kurudi jikoni. Alibaki hapo, na kila nilipomaliza ukurasa aliusoma kwa kidole, tarehe, mshale, jina, kisha ndipo aliniruhusu nifunue mwingine, mpaka wa arobaini na moja.

Sombe iliungua. Tuliila hivyo hivyo.